Cheti cha Mashine

Wafa alipompigia mama yake simu kutoka Maskati kumwambia kuwa bandarini Mkoani wanataka cheti, Bi Asya hakupoteza wakati kuuliza cheti gani. Kwa umri wake wote pale Chokocho alijua cheti kimoja tu cha haraka, nacho ni cha daktari. Akashinda hospitali siku mbili, ya tatu akakipata, kina muhuri wa buluu na jina la mumewe limeandikwa sawasawa: Nassor Pandu, miaka sabini na moja, ugonjwa wa mapafu. Akakitia ndani ya kitabu cha Yasini kisikunjike, akapanda gari ya Mkoani.

Mzee Nassor alichoma chokaa miaka arubaini. Moshi wa tanuri aliouvuta ujanani ulinyamaza kimya ukamngoja uzeeni, na sasa hata kulala chali hawezi. Hukaa ameegemea mito, akisema maneno mawili kwa pumzi moja. Akipelekwa hospitali hupewa hewa ya mtungi, akapata ahueni, akarudi nyumbani, mambo yakaanza upya. Daktari alisema kitakachomfaa ni mashine ya umeme ya kumpa hewa, awe nayo chumbani usiku na mchana. Alivyolisema hilo ungedhani zinauzwa gengeni.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Huko Maskati, mzee wa nyumba anayofanyia kazi Wafa alifariki, na watoto wa marehemu wakampa Wafa mashine kama hiyo aliyokuwa akiitumia baba yao, sadaka, bila risiti wala karatasi yoyote. Wafa akaifunga kwa mablanketi mawili, akaitia kwenye boksi, akaipakia meli ya mizigo. Ikafika salama salimini. Sasa ni wiki ya nne imekaa ghalani Mkoani, mwendo usiofika saa moja kutoka kitandani kwa mwenyewe.

Ofisi ya viwango pale bandarini ilikuwa na kijana mmoja wa Wete, jina lake Haidar, mwenye adabu zake zote. Na adabu hiyo ndiyo iliyoudhi. Mtu akikukatalia kwa jeuri angalau unapata wa kumgombeza.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Cheti nshakileta."

Haidar akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma mpaka mwisho, kisha akakiweka mezani taratibu.

"Bi mkubwa, hiki ni cha mgonjwa. Sisi twataka cheti cha mashine."

Bi Asya akamtazama kuona kama anamfanyia mzaha. "Mashine haiumwi, mwanangu. Anoumwa ni ntu huyo alioandikwa hapo."

"Nafahamu. Lakini kila kitu cha umeme kinachotoka nje lazima kiwe kimepimwa usalama wake."

"Basi ipimeni. Si nyie mpo?"

"Haipimwi hapa. Hupimwa huko ilikotoka, kabla ya kupanda meli. Ikishapimwa ndio hupewa cheti, ikaja nacho."

"Kwani ikipimwa hapa itasema uongo?"

Haidar hakucheka, na Bi Asya hakuwa amesema ili achekwe. Kijana akaeleza, pole pole, kama anayefundisha juzuu. Mwaka jana friji la mtumba lilishika moto usiku nyumba ya watu, akafa mama na watoto wawili. Yeye mwenyewe alikuwemo katika waliopelekwa kuandika ripoti. Waya wa friji ulikuwa umeliwa ndani, kwa nje linang'ara. Tangu siku hiyo, alisema, hathubutu kuachia kitu kwa macho tu.

Bi Asya alisikiliza na moyo ukamuuma kwa ajili ya mama yule na wanawe. Kijana angekuwa mla rushwa angemtukana, angekuwa mvivu angemsemea kwa wakubwa wake. Huyu alikuwa akisema kweli, na kweli yake ilikuwa imemkalia mumewe kifuani.

"Nioneshe basi," alisema. "Nione tu."

Haidar akamchukua mpaka ghalani. Boksi lilikuwa pembeni, juu ya ubao, limebandikwa karatasi nyekundu. Wafa alikuwa ameandika kwa kalamu nene, upande wote mmoja, BABA. Bi Asya akalishika kwa viganja vyote viwili. Kwa muda aliwaza mambo ya aibu: kulibeba kichwani na kutoka nalo, kulia kwa sauti mpaka watu wajae, kumpigia kijana magoti. Hakufanya hata moja. Magoti yenyewe yalikuwa hayapigiki tena, na aliona wazi kwamba hata angeyapiga, Haidar angemwinua kwa heshima na jibu lingebaki lile lile.

Kijana akajitenga hatua chache, akampigia simu mkubwa wake Chake Chake. Bi Asya alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, ni mgonjwa kweli. Ndiyo, cheti cha daktari kipo. Hapana, cha mashine hakuna. Sawa. Sawa, nimeelewa.

Alirudi na karatasi. Siku thelathini za mzigo kukaa bandarini zinakwisha kesho kutwa, na sheria imeacha njia mbili, irejeshwe ilikotoka au iteketezwe. Mwenye mzigo achague na atie saini.

"Nkisema irejeshwe, huko wataipima?"

"Wataipima, inshallah. Ikifaulu itapewa cheti, itapakiwa tena."

"Muda gani?"

Haidar akaangalia chini. "Mambo yakienda vizuri, miezi mitatu. Minne. Subira tu, bi mkubwa."

Subira huvuta heri, ndivyo wasemavyo. Hawasemi huivuta kwa kamba ya urefu gani. Bi Asya hakusoma zaidi ya Kurani, kwa hiyo kijana akamshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, mahali palipoandikwa *irejeshwe*. Akamrudishia cheti cha daktari. Akamsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia gari.

Alifika nyumbani baada ya alasiri. Jirani yake, Fakhriya, alikuwa akimpepea mgonjwa. Mzee Nassor alifungua macho.

"Imekuja?"

Njia nzima Bi Asya alikuwa amepanga namna ya kumweleza. Alimtazama mabega yanavyopanda na kushuka, akaona kwamba maelezo yale yanahitaji pumzi za watu wawili, na mmoja wao hana.

"Imo njiani," alisema. Haukuwa uongo.

Mzee akatabasamu. Akanyoosha kidole upande wa pili wa chumba, kwenye soketi pekee ya chumba kile, nyuma ya kabati.

"Nisogezeni," alisema. Akavuta pumzi. "Waya wake... usije... usifike."

Fakhriya akamwangalia Bi Asya. Bi Asya hakumwangalia. Walisukuma kabati kwanza, wakafagia vumbi. Kisha Fakhriya akasema akaite wanaume, kitanda ni cha msaji, mbao nzito, na mgonjwa yumo juu yake. Bi Asya akasema wajaribu kwanza. Wakakamata kila mtu upande wake, wakasukuma, na kitanda kikaenda mara moja, kama kisicho na mtu juu yake.