Nyumba ya Mia Moja

Mshahara wa meneja wa redio ile haukupangwa kwa vyeti wala kwa miaka ya kazi. Ulipangwa kwa nyumba. Kila mwisho wa mwaka bodi ilituma watu wenye fomu wabishe hodi kwenye nyumba mia mbili za mjini na kuuliza: hapa mnasikiliza redio gani, na kwa nini? Nyumba zinazosikiliza redio yake zikifika mia, meneja anapandishiwa mshahara. Zisipofika, anabaki na ule ule.

Meneja mwenyewe waliomzoea walimwita Koo, kwa kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusoma habari, enzi zake za utangazaji. Mwaka huu alishamwambia mkewe watafute nyumba yenye chumba cha tatu, maana watoto wamekua na wanalala kama njiti kwenye kiberiti. Mkewe hakungoja. Alishaiona nyumba, akapima madirisha, akachagua na rangi ya mapazia.

Siku ya kikao Koo alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mhasibu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa amezipanga fomu mafungu mawili mezani. Akahesabu fungu la kwanza, akalamba kidole, akahesabu tena.

"Tisini na tisa," akasema.

Mwenyekiti akavuta fungu la pili, la wanaosikiliza redio nyingine, akawa anafunua moja moja kama mtu anayechambua mchele. Mara mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Meneja, hii si nyumba ya mama yako? Karibu na kisima, mlango wa buluu?"

Ilikuwa yenyewe. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, wote wasikie. Mama alieleza kwamba anasikiliza redio ya pili kwa sababu kule bado wanasoma matangazo ya vifo. Kwa mwanawe yameondolewa. Shoga yake, waliyechota naye maji tangu usichana, alizikwa yeye asijue. Habari alizipata siku ya tatu, sokoni, nyanya ziko mkononi.

Mjumbe mmoja akauliza kama mke wa meneja naye amehojiwa, au bora wasichokoze. Wakacheka. Koo alicheka nao, masikio yakimuwaka moto. Ni yeye aliyeyaondoa matangazo yale, saa ile ya jioni akawauzia watu wa sabuni, na bodi hii hii ikampigia makofi. Habari za yule shoga hakuwa nazo. Mama hakumwambia hata siku moja.

"Huyu mama hakujua fomu ni ya nini," mwenyekiti akasema. "Mama wa meneja ni msikilizaji wetu, atake asitake." Akakata jibu la mama kwa kalamu, akaandika lingine juu yake, na fomu akaisogeza kwenye fungu la kwanza. Kisha akamtazama Koo. "Au una neno?"

Koo akakohoa kidogo. Wote wakangoja.

Akaupapasa mkunjo wa shati lake, mpaka mwenyekiti akafunika kalamu.

Jioni, barua ya mshahara mpya ikiwa mfukoni, alipita kwa mama na kilo mbili za sukari. Hata mlango hajaufikia, akasikia dirishani sauti ya mwanamke ikisoma polepole jina la marehemu, watoto aliowaacha, saa ya mazishi. Akasimama hapo na sukari yake mpaka majina matatu yakapita. Ndipo akabisha hodi.

Sauti ile ikakatika. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha ukasikika wimbo wa sabuni. Alipoingia alimkuta mama anaifuta redio kwa upindo wa kanga, kama anayeondoa vumbi.

"Karibu, mwanangu. Ndiyo nilikuwa nawasikiliza ninyi hapa."

Akaketi. Mama akamtazama uso, akauliza kwa upole kama na mwaka huu wamemnyima.

"Wamenipa, mama."

"Nilijua tu. Na mimi hapa nawasikiliza kila siku, sikosi."

"Najua," akasema Koo, macho kwenye sukari.

Wimbo wa sabuni ukaisha, ukaanza tena. Kidole cha mama kilikuwa bado kinagusa kile kitufe cha kubadilishia stesheni. Koo akaona afadhali aage mapema.