Damu Iliporudi

Macho ya Machibya yalikuwa yamegeuka manjano, na Hellen, mkewe, hakuwa na moyo wa kuyatazama. Fahali wa Machibya mwenyewe alimpiga pembe ubavuni wiki iliyopita; madaktari wa hapa Mwanza wakampasua, wakamwokoa. Mtu aliyeokolewa mbona anazidi kudhoofu?

"Ini lilikuwa limechanika," Daktari Venant alimweleza tena. "Ili tulishone, tulibana mishipa inayolipelekea damu. Tulipoachia, damu ikarudi kwa kishindo, ikalijeruhi upya."

"Damu yake mwenyewe, daktari?"

"Yake mwenyewe, mama. Ikirudi ghafla kwenye ini lililoikosa, huzalisha sumu. Ini lina vimeng'enya vyake vya kuizima sumu hiyo, ila vya mumeo vimezidiwa. Tuvipe nafasi. Asimeze chochote, na dawa za kienyeji ndiyo kabisa, maana mzigo wote utaliangukia ini hilohilo."

Hellen aliitikia kwa kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa kimevurugika. Damu ikikosekana mtu anakufa. Ikirudi, nayo inaua? Ashike lipi? Kikapuni, chini ya kanga, ilikuwamo chupa ya mizizi iliyochemshwa, ya kuongeza damu. Mama mkwe wake alikuja nayo kutoka Sengerema, na sasa alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, amemkazia macho.

"Umempa?" mama mkwe aliuliza, daktari alipokwisha kutoka.

"Bado, mama."

"Unangoja nini? Mwanangu anaisha."

Hellen aliitoa chupa. Alimwogopa mama huyu, na zaidi aliogopa kwamba huenda ndiye anayesema kweli.

"Maji," Machibya alinong'ona.

Hapo Hellen akaukumbuka mwaka ule wa ukame. Ng'ombe walifika ziwani ndimi nje, na Machibya akawa anawachapa kuwarudisha nyuma, akiwaachia mafunda machache machache tu, maana maji mengi ya ghafla yangewaua. Hellen alimwita katili. Yeye aliendelea kuwaambia ng'ombe, "Polepole."

Akairudisha chupa kikapuni. Akachovya kitambaa majini kama muuguzi alivyomwonyesha, akamlowesha mumewe midomo.

"Ongeza," alisema Machibya.

"Polepole."

Macho ya manjano yalimgeukia, yakatulia usoni pake. Safari hii naye aliyatazama.

Mama mkwe alinyoosha mkono juu ya kitanda, machozi yakimtiririka. Hellen hakujua anataka chupa au kitambaa.

Akampa kitambaa.