Mdudu Mweusi wa Matuta ya Viazi

Jumanne, tarehe 15 Aprili, 2025, nilikuta miche kumi na mitatu ya viazi imelala chini, imekatwa shinani. Nilipopindua bonge la udongo, mdudu mweusi mwenye kung'aa alitoka mbio. Nikamkamata.

Katika kikundi chetu cha akina mama hapa Molo, mimi ndiye msomaji tangu nilipohitimu darasa la ngumbaru. Karatasi yoyote huletwa kwangu. Nilimlinganisha mdudu huyo na picha ya fukusi katika karatasi ya wadudu waharibifu. Wote wawili walikuwa weusi. Nikawatangazia wenzangu kwamba adui amepatikana, na siku hiyohiyo tukanyunyizia dawa mashamba manne kwa zamu, kama ilivyo desturi yetu.

Asubuhi iliyofuata wadudu hao walikuwa wametapakaa matutani, miguu juu. Niliwapiga picha, nikamtumia binti yangu Cheruto, anayesomea kilimo chuoni. Alipiga simu papo hapo.

"Mama, ana mdomo mrefu kama mrija, kama wa fukusi?"

Nilimtazama mmoja kwa karibu. Hakuwa nao. Alikuwa na taya mbili zilizopinda kama mundu.

"Na miguu?"

Nilimweleza kuwa ni mirefu, ya mkimbiaji. Mgongoni ana mistari iliyonyooka, na vipapasio vyake ni vyembamba kama uzi.

Hapo Cheruto akanieleza.

"Mama, huyo si fukusi. Huyo ni mbawakawa anayekula viwavi, na viwavi ndio wanaokata miche. Wamejificha ndani ya udongo. Dawa yenu haikuwafikia."

Nilichimba kwa kidole kando ya shina moja. Kiwavi mnene wa kijivu alikuwa amejikunja humo. Kwenye shina la pili walikuwa watatu.

Shamba la jirani yangu Wangare pekee ndilo lilikuwa halijanyunyiziwa. Nilimkuta akichanganya dawa. Nilimwonyesha picha, nikamweleza habari za taya na mistari.

"Mama Cheruto, jana alikuwa mwizi, leo ni askari," alisema akicheka. "Kesho utamfanya chifu?"

Nilimsihi. Akanikumbusha kwamba ni mimi niliyemsomea ile karatasi. Kisha akajitwika pampu mgongoni, akaingia shambani, akaanza na tuta la kwanza.

Nimeandika haya nikiwa bado namsikia akipiga pampu. Wewe unayesoma, mpelekee jirani yako maandishi haya kabla hajachanganya dawa, na umwambie amtazame mdudu mdomo kwanza, si rangi.