Mwito Ng'ambo ya Korongo

Vukota, kiongozi wa wapanda milima wa mji wa Nikšić, hakuwa na ulimi wa kutulia hata kwenye mwinuko unaokata pumzi.

"Mama Jaglika! Mfuko wote huo mgongoni, umembeba mume?"

"Mume ningembebesha yeye mfuko," akajibu Jaglika, na kundi zima likaangua kicheko. Alicheka nao. Kisha akarudi nyuma yao kidogo kidogo, mpaka mazungumzo yakawa ya mbele na ukimya ukawa wake.

Walifika kwenye jabali la kutazamia kabla ya adhuhuri. Chini kabisa mto Tara ulipita, wa kijani, mbali kiasi kwamba ngurumo yake ilipanda juu kama mnong'ono tu. Watu walipiga picha, wakatoa mkate wa mahindi, jibini na nyama ya moshi. Kijana mmoja alipiga kelele jina la mchumba wake ili mwangwi umrudishie, na Vukota akamwambia hata mwangwi umekataa kumposa.

Jaglika hakutazama chini. Alitazama ng'ambo, pale genge linapokoma na malisho kuanza, ambako nyumba moja yenye paa la bati ilikuwa ikitoa moshi. Ndimo alimozaliwa. Na ndimo alimoishi kaka yake Radosav, ambaye tangu maziko ya baba yao hajamwambia neno.

Kosa lake lilikuwa moja. Huko kwao mtoto wa kike huachia ndugu wa kiume urithi. Hutia sahihi, hupewa kahawa, huenda zake. Jaglika hakutia. Alidai kipande chake cha konde, akakipata kwa sheria, akakiuza, maana na yeye alikuwa na maisha ya kuendesha. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawakusema ufanye nini ikiwa wanachogombania ni shamba lenyewe. Radosav alitangaza kanisani kwamba hana dada. Jaglika akipiga simu, inakatwa. Alipokwenda mwenyewe na kahawa na sukari, kaka mtu alitokea mlango wa nyuma akapotelea msituni, akamwacha amesimama uani na mbwa.

Lakini mwito wa korongo ni jambo jingine. Kabla ya barabara, watu wa kingo hizi mbili waliitana hewani: ndoa, ng'ombe aliyepotea, kifo. Anayeitwa lazima aitike, kwa kuwa hajui sauti imebeba nini, na asiyeitika huaibisha ukoo. Radosav angeweza kumkimbia dada yake. Mwito, asingeweza. Ndiyo sababu Jaglika, mwenye magoti yanayouma, alijiandikisha katika matembezi haya. Alitaka kusema jina lake na kaka yake alisikie.

"Tangulieni," aliwaambia wenzake walipofunga mifuko. "Goti linataka kupumua."

"Usitulazimishe kurudi kukubeba, mama!"

"Utaweza wapi wewe!"

Walipopotea kwenye misonobari, alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni kama alivyofundishwa utotoni, akavuta kila neno mpaka mwisho wa pumzi.

"Eeee, mwenye nyumbaaa!"

Alingoja mpaka akauona upuuzi wake wote. Kisha mlango ukafunguka, na mtu mwenye kofia, aliyeonekana mdogo kwa umbali, akatembea hadi ukingo wa malisho.

"Naitikaaa! Nani weweee?"

Sauti ilikuwa nzito zaidi, imezeeka, lakini ilikuwa yake, na haikuwa na hasira hata chembe. Ni hilo lililomvunja Jaglika. Alijua kwamba jina lake likivuka tu, upole ule utafungwa kama mlango, na alikuwa na njaa nao mno.

"Mpita njiaaa!"

"Umepoteaaa?"

"Kidogooo!"

"Wale walioteremka ni wenzakooo?"

"Ndiyooo!"

"Wamekuachaaa? Watu gani haooo! Mimi hata mbuzi simwachiii!"

Jaglika aliuma mdomo. "Wapo wanaoachaaa!" akajibu, na machozi yakamtoka bila ruhusa yake.

Radosav alimwelekeza. Asifuate njia ya kushoto, mawe yake yanateleza. Ashike ukuta wa mawe, ashuke polepole, asione haya kukaa chini akichoka. "Nitasimama hapaaa! Nitakutazama mpaka ufikeee!"

Akasimama kweli. Jaglika alishuka, na kila miti ilipoachia uwazi alimwona ng'ambo, amejiegemeza kwenye fimbo, ameacha kazi zake kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. "Nakuonaaa!" Radosav alipaza sauti. "Vizuriii! Sasa kuliaaa!" Hakuna mtu aliyemchunga hivyo tangu mama yao afe. Alijikuta akienda taratibu kuliko goti lilivyohitaji.

Njia ilipofika uwanda wa chini, aligeuka. Hapa, aliwaza, nitasema. Jina lilifika mpaka kwenye meno.

Radosav alivua kofia, akaipunga.

"Umefikaaa! Nenda salamaaa! Wasalimie wa kwenuuu!"

Jaglika alisimama na mdomo wazi. Huko Nikšić alikuwa na chumba, jiko, na dirisha linalotazama ukuta. Wa kwao alikuwa yule pale, anavaa kofia yake.

"Nitawasalimiaaa!" akajibu.

Radosav akaridhika, akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.