Ahadi kwa Kunguru

Siku ya kumi tangu mume wangu afariki, tulishuka mtoni hapa kwetu Wai, India, kumwekea tonge la wali. Kunguru akiligusa, marehemu ameondoka na moyo mweupe. Asipoligusa, kuna jambo limemkwama, na waliobaki lazima wamwahidi kwa sauti mpaka aridhike.

Kunguru walijaa juu ya hekalu wakitutazama tu. Mume wangu alikuwa mbishi tangu ujana, sikushangaa, ila niliona aibu mbele za watu.

"Labda samli haitoshi," alisema Malatibai, jirani yangu asiyejua kunyamaza hata msibani.

Shemeji akaahidi kutunza shamba la miwa. Wapi. Mimi nikaahidi kuendeleza mfungo wake wa Jumatatu. Wapi. Kuhani akaanza kusokota kunguru wa majani, yule wa kugusisha wali wa wafu waliosusa. Hapo nikalia, maana nilijua kilichomkwama. Miezi yote ya ugonjwa aliniuliza neno moja tu: "Utabaki na nani?"

Sharad, mwanangu wa pekee, akapiga magoti. "Baba, Mama hatabaki peke yake. Namchukua twende mjini Pune, aishi kwangu. Nakuahidi."

Kunguru mmoja akashuka, akadonoa.

Ndege yule alimwamini. Hata mimi nilimwamini, nikafunga sanduku siku ile ile.

Kwanza fleti yake ilikuwa inapakwa rangi. Halafu mjukuu ana mitihani. Halafu mama mkwe wa Sharad akahamia kwenye chumba changu huko. Sanduku liko chini ya kitanda mpaka leo. Nikitaka sari nzuri naitoa humo na kuirudisha humo. Napika kikombe kimoja cha wali na bado unabaki. Upweke unaniuma, sifichi.

Leo mwaka umetimia, siku ya kumwekea wali tena. Sharad kapiga simu asubuhi.

"Mama, kazini wamenibana. Fanya tu na Malatibai."

"Haya, baba. Kula vizuri."

Nikaweka wali juu ya ukuta wa uani, samli tele. Kunguru akaja, akatua mbali. Akautazama wali, akanitazama mimi. Hagusi.

"Si umwambie tu marehemu ukweli, mama Sharad?" Malatibai akasema kutoka dirishani kwake. "Mwambie kwamba mwanao ni mwongo."

Mwanangu si wa kusemwa na jirani. Nikafuta macho, nikavuta sari kichwani kama nilivyozoea nikizungumza na mume wangu.

"Baba Sharad, mbona huli? Hapa nimekuja kutembea tu. Naishi Pune. Chumba changu kina dirisha kubwa, mjukuu wako analala nami, ananipiga mateke hadi asubuhi. Jioni Sharad anakuja kunichukua. Kula, baba."

Akasogea, akala mpaka punje ya mwisho. Malatibai akalifunga dirisha lake taratibu.