Honi ya Fulgence

Mwanangu Fulgence, dereva wa lori, alipofika kona ya Lizaboni alipiga honi kama kawaida, ili mkewe Benigna abandike maji ya kuoga. Benigna tulikuwa tumeshamzika. Makuli wa Dar es Salaam waligomea kupunguzwa kazini, malori ya mbolea yakalala bandarini mwezi mzima, na salamu zetu za msiba, tulizozituma kwenye vituo vyake vya njiani, zikamkosa.

Nikayabandika maji mimi, na goti langu hili linalolia kuliko hilo lori.

Aliingia akicheka. "Shikamoo mama. Leo umeajiriwa wewe? Benigna naye kagoma?"

Nimezoea kumjibu mzaha kwa mzaha. Siku hiyo nilichochea kuni tu, hadi kanga ikaniteleza kichwani, akauona upara wangu wa msiba.