Bembea ya Mafungu Matatu

Kitu cha kwanza Maimuna alichokiona ni chai. Chai iliyobaki vikombeni ilikuwa inazunguka yenyewe, taratibu, vikombe vyote upande mmoja, na hakuna aliyekuwa amekoroga.

Ilikuwa mchana, ndani ya stoo ya duka la Abdulmajid, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Maimuna alisimama karibu na mlango ameshika sinia. Hakuwa mhudumu. Alikuwa fundi wa kushona viti, kwenye karakana ya Severine kule Ilala, na alikuja kusikia vipimo vya kazi. Lakini alikuwa mwanamke pekee chumbani, kwa hiyo sinia lilimfikia.

Mezani wanaume walikuwa wanagawana bembea. Abdulmajid, muuza midoli wa jumla, alitaka bembea kubwa ya kuzunguka kwa ajili ya Idi. Hakumpata fundi mmoja wa kuitengeneza yote, akaita watatu na kuwaandikia mkataba mmoja wenye mafungu matatu. Fungu la chuma lilikwenda kwa Mzee Mbaruku wa Gerezani. Fungu la mota lilikwenda kwa Ansbert, jirani yake, fundi wa jenereta. Fungu la viti lilikwenda kwa Severine.

"Iandikwe kabisa," alisema Ansbert. "Mtu asiguse mota yangu."

"Nani aguse mota yenye kikohozi?" aliuliza Mzee Mbaruku.

"Shikamoo mzee, lakini mashine ya kusaga ile uliyoigusa mpaka leo inasaga kelele."

Walicheka, kisha wakaiandika. Karakana za Gerezani ndivyo zilivyo: kitu kikiharibika, wa mwisho kukigusa ndiye aliyekiharibu, hata kama alikuwa anakifuta vumbi. Kwa hiyo kila mmoja alitaka fungu lake liwe na ukuta. Nati zikaandikwa kwa Mbaruku, bolti kwa Severine. Ilionekana ni haki.

Maimuna aliona kwamba chuma kimepata mwenyewe, mota imepata mwenyewe, viti vimepata mwenyewe. Hakuna aliyetaja kuzungusha. Swali lilimfika kooni. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo alizoea maneno kufika kooni na kukaa hapo. Akakusanya vikombe. Alipovinyanyua, chai ilikuwa inazunguka kwa kasi zaidi.

Basi kuzunguka, kwa kuwa hakukuandikiwa mtu, kulimfuata yeye.

Kesho yake asubuhi alipokaa kwenye cherehani, gurudumu lilianza kuzunguka kabla hajaweka mguu. Alishona viti vya bembea vyekundu, vya manjano na vya kijani, akavijaza pamba nene kwa furaha. Alikuwa hajawahi kushona kitu kitakachopaa. Mchana alikwenda kula kwa Mama Stella, mama lishe wa pale nje, na mwiko ukaanza kutembea sufuriani.

"Maimuna, sogea huku karibu," alisema Mama Stella, akikaa na kujipepea. "Leo mkono wangu unapumzika. Ila usihame, ugali utajisonga upande mmoja."

Habari zikaenea. Umeme ulipokatika Kariakoo, wenye maduka walimtuma mtu kumwita Maimuna akae chini ya panga boi zao. Alikaa, panga zikazunguka, wateja wakapata upepo. Walimpa soda na kumwambia asante dada. Kwenye kituo cha mwendokasi cha Gerezani, alikopita kwenda kupima matundu ya chuma, foleni ya abiria ilijikunja ikamzunguka. Watu walilalamika kidogo kwamba wa mwisho amekuwa wa kwanza, kisha basi likaja wakapanda.

"Dada Maimuna, na wewe una mota?" Ansbert alimtania alipomwona anapita na feni ya dirishani kwake ikageuka kumfuata.

Maimuna alitabasamu akaangalia chini. Alitaka kusema kwamba mwili mzima ulikuwa unamsisimka, kwamba usiku alilala kama mtu aliyeahidiwa safari. 

Siku ya Idi, kiwanja cha Ilala kilijaa tangu watu walipotoka kuswali. Watoto walivaa nguo zenye mikunjo ya dukani bado, wasichana wamepakwa hina, wavulana wana miwani ya plastiki kutoka kwa Abdulmajid. Bembea ilisimama katikati. Chuma cha Mzee Mbaruku kilinyooka kama mnara. Viti viling'aa. Maimuna alivaa dera jipya na kusimama mbali kidogo, akivitazama viti vyake kama mama anayemtazama mtoto akiingia darasani.

Viti vilikuwa vimewekwa kwenye mikono ya chuma lakini bolti hazikukazwa. Mzee Mbaruku alisema bolti si zake. Severine alisema angekaza, lakini hapo angegusa nati, na nati si zake. Walizungumza hilo kwa adabu mpaka Maimuna akachukua spana, akakaza zote. Yeye mkataba haukumkataza kitu, kwa sababu haukumtaja.

Watoto wakapanda. Ansbert akawasha mota. Mota ikanguruma vizuri sana. Bembea haikuzunguka.

"Mota inanguruma," alisema Ansbert. "Fungu langu limekamilika."

"Chuma kimesimama," alisema Mzee Mbaruku. "Kiliandikwa kisimame."

"Watoto wamekaa," alisema Severine. "Viti vinakalika."

Abdulmajid alitoa mkataba mfukoni, akausoma wote, akakubali kwamba ni kweli. Kila fungu lilikuwa limetimia. Watoto waliendelea kukaa. Mmoja alianza kulia, kisha kilio kikahama kutoka kiti hadi kiti.

Maimuna hakuweza kuvumilia. Alipita katikati ya watu, akafika kwenye nguzo, akaiwekea kiganja.

Bembea ikaondoka. Iliondoka polepole, ikapata mwendo, viti vikainuka, vikatoka nje, vikapaa juu ya vichwa vya watu, na watoto wakapiga kelele moja kubwa iliyosikika hadi sokoni. Sketi zilijaa upepo. Kofia ya mtoto mmoja iliruka, ikazunguka na viti hewani, ikamrudia kichwani. Wazazi walishangilia, vijana wakaanza kupanga foleni, na Mama Stella, aliyekuwa anauza juisi ya ukwaju, aliona jagi lake linajikoroga, akasema afadhali, sukari ilikuwa imekaa chini.

Ansbert alichomoa waya wa mota ili isipate moto.

Maimuna alisimama hapo sikukuu yote, kiganja kwenye nguzo. Hakuchoka. Damu ilimzunguka mwilini ikiimba. Kila viti vilipopita juu yake aliona mshono wake, mmoja baada ya mwingine, ukienda na kurudi, na alicheka peke yake kwa sauti, jambo ambalo majirani zake hawakuwahi kulisikia. Jua lilipokaribia kuzama, Abdulmajid alishika kipaza sauti akawashukuru mafundi wake watatu, akawataja mmoja mmoja. Watu walipiga makofi. Maimuna hakupiga makofi kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa kwenye nguzo.

Bembea ile ilipendwa, na Abdulmajid alitaka mbili kwa Idi ya kuchinja. Walikutana tena stoo, meza ileile. Fungu la chuma, Mzee Mbaruku. Fungu la viti, Severine. Fungu la mota, Ansbert, ingawa mota ilikuwa haijawashwa tena tangu siku ile. Fungu ni fungu, alisema, na wenzake waliona ana haki.

"Na huyu binti?" aliuliza Mzee Mbaruku, akimwelekezea kidevu Maimuna, aliyekuwa anaweka vikombe mezani.

"Maimuna si yupo tu?" alisema Abdulmajid. "Yupo siku zote."

"Yupo," alikubali Severine. "Hana shida huyu."

Walitia saini. Chai ilianza kuzunguka vikombeni, na Ansbert akafunika chake kwa kisahani ili isimwagike, maana sasa walishaizoea. Abdulmajid aliufungua mhuri, akaupulizia, akaugonga. Mkataba ukakunjwa, ukaingia mfukoni.

Maimuna aliweka sinia chini. Panga boi lilikuwa linazunguka juu ya kichwa chake na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Kuzungusha ni kazi," alisema. "Anayezungusha ni mimi. Naitwa Maimuna binti Nassibu."